Mgeni Asiyefika

Kisasi cha Atuganile kilikuwa na maneno mia tatu na ishirini, aya tano, na maswali matano ya kuchagua. Alikichapa Jumanne mchana, mlango kaufunga kwa ndani, chai ikapoa mezani bila kuguswa. Alipomaliza alikisoma mara mbili, akacheka peke yake kicheko ambacho mama yake mzazi asingekipenda.

Yalianza Jumatatu. Bi Shamima, mwenye ofisi, alimletea orodha ya watu watakaokuja kufanyiwa majaribio ya kazi. Atu aliipokea huku akimenya chungwa. Jina la tatu lilikuwa Peguy Mushagalusa. Chungwa likamponyoka, likabingirika mpaka kwenye viatu vya Bi Shamima.

"Eish! Unamjua huyu?" Bi Shamima aliuliza. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Chatsworth, hapo hapo Durban, na Kiswahili chake alikiokota kwa wapangaji wake, kipande huku kipande kule.

"Simjui," Atu alijibu. "Ila Alhamisi nitamjua vizuri."

Nyumba ile ya Morningside ilifanya kazi ambayo Atu alishachoka kuwaeleza watu. Walitunga habari fupi za Kiingereza zenye maswali ya ufahamu, zikatumwa China kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, wale wanaojinoa kwa mtihani wa Juni wa kuingia chuo kikuu. Mchapishaji wa kule alikuwa na masharti yake: pasiwe na siasa, wala dini, wala pombe, wala mapenzi. Kila swali liwe na majibu manne, moja la kweli na matatu ya kutega. Na kabla habari haijasafiri, lazima mtu asiyejua majibu akae chini aijibu, kisha aonyeshe kila jibu amelitoa mstari gani. Kama swali lina kasoro, bora ligundulike Durban kuliko mbele ya mtoto wa watu huko Chengdu mwenye dakika nane tu za kulijibu. Kazi hiyo ya kujibu ndiyo aliyoiomba Peguy.

Na mtunzi mkuu, mwenye kusema huyu kapita na huyu arudi kwao, alikuwa Atu. Wahenga hawakukosea, malipo ni hapa hapa duniani.

Mapenzi yalikatazwa, kwa hiyo hakuweza kuandika habari ya mchumba. Akamfanya mgeni. Familia moja ilikuwa inamsubiri mgeni Jumamosi. Mjomba alisafiri kwa basi siku nne ili tu amkaribishe. Viti kumi na viwili viliazimwa kwa majirani, na kimoja chenye mguu mbovu kikafichwa nyuma ya mlango, mgeni asije akakikalia. Wali ukapikwa, ukapashwa, ukapashwa tena. Binti wa nyumba alivaa hereni za dhahabu alizoachiwa na bibi yake. Mgeni hakufika. Jirani mmoja alisema kamwona, amekaa barazani kwake mwenyewe tangu asubuhi, kavaa suti, simu mkononi, hadi jua likazama.

Hakuongeza chumvi hata punje. Ndivyo ilivyokuwa miaka miwili iliyopita pale nyumbani kwao Cato Manor, siku ambayo Peguy alitakiwa kumposa. Mjomba Boniface alitoka Tukuyu na koti lake la harusi. Habari ya baraza ililetwa na Lulu, rafiki yake, aliyepita na taxi mbele ya nyumba ya akina Peguy asubuhi na kurudi jioni, akamkuta pale pale. Kavaa akaogopa, Atu aliamua siku ile. Mwanamume mzima, suti mwilini, akashindwa kuvuka mji.

Swali la tano lilikuwa ndilo upanga wenyewe: Kwa nini mgeni hakufika? Jibu A lilisema alikuwa mwoga. B, alipata karamu nzuri zaidi kwingine. C, alisahau siku. Likabaki moja, na Atu alikuwa na haraka, akabandika la nne bila kufikiri: D, alikuwa akisubiri kuitwa. Jibu lililokubaliwa ni A. Achague A ajitukane kwa mdomo wake mwenyewe, au achague jingine akose. Na habari yenyewe, ikishapita kwenye majaribio, itakwenda China ikasomwe na watoto laki kwa laki, wote waambiwe kwa kalamu nyekundu kwamba mtu yule alikuwa mwoga. Atu aliona utamu wake mpaka kwenye meno.

Alhamisi saa nne asubuhi Bi Shamima alifungua mlango. "Wa tatu huyu hapa. Simu yake iko kwenye kikapu, nisije nikasikia amejibiwa na kompyuta. Mimi naenda jikoni, tumbili wameingia kwenye ndizi zangu tena."

Peguy akaingia. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Atu alikuwa amejiandaa kwa siku tatu. Alijiandaa kwa sauti yake, kwa kutembea kwake, kwa ile tabia yake ya kuinamisha kichwa kidogo akimsikiliza mtu. Hakujiandaa kwa suti. Ilikuwa ile ya kijivu yenye vifungo vya kahawia, waliyoichagua wote wawili dukani Grey Street, yeye Atu akimgeuza-geuza mbele ya kioo na kumwambia mabega yamekaa. Mabega sasa yalikuwa yamepungua. Miaka miwili ya kulinda magari ya watu kwenye maegesho ya ufukweni, kama orodha ilivyosema, ilikuwa imemla, na Atu alikasirika kwamba ameliona hilo.

"Atu?" Peguy alisema kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Njo weye?"

"Hapa naitwa msahihishaji. Kaa."

"Sikujua unatumika kazi hapa. Naapa. Kama ningejua..."

"Usingekuja. Najua. Kutokuja ni kazi uliyoisomea." Akamsukumia karatasi. "Dakika nane. Habari moja, maswali matano. Ukipata manne umepita."

Peguy akakaa. Alisoma kichwa cha habari, akasoma mstari wa kwanza, kisha akanyanyua macho. Macho yao yakakutana, na Atu aliyakazia yake mpaka yale mengine yakashuka. Akasoma mpaka mwisho. Kwenye swali la tatu kalamu ilirudi kwenye habari, ikafuata mstari mmoja mara mbili. Kwenye la tano aliiweka chini, akapangusa viganja kwenye suruali, akaishika tena.

"Nimemaliza."

"Dakika mbili zimebaki."

"Haziwezi kusaidia kitu."

Atu akavuta kiti karibu. Jasho lake lilikuwa lile lile, na sabuni ile ile. Akasogeza kiti nyuma kidogo.

"Swali la kwanza. Nani alisafiri siku nne?"

"Mujomba. Mustari wa tatu." Akanyanyua uso. "Anaendelea vizuri? Mujomba Boniface?"

"Swali la pili. Chakula kilikwenda wapi?"

"Kiligawiwa kwa majirani. Mustari wa kumi na tano."

"Majirani wale wale waliotuazima viti. Walikula huku wananitazama. Lakini hilo halimo kwenye habari, nafasi ilikuwa ndogo. La tatu. Binti alijisikiaje?"

"B. Alifezeheka."

"Ushahidi?"

"Mustari wa kumi na mbili."

"Usome. Kwa sauti."

"Atu, tafazali."

"Ni utaratibu wa kazi, bwana. Kila aliyeketi kwenye kiti hicho amesoma."

Peguy akasoma. Kiingereza chake kilikuwa safi, cha mwalimu, maana ndicho alichokuwa akifundisha Bukavu kabla ya maisha kumtupa huku. Akasoma jinsi binti alivyosimama mbele ya kioo akavua hereni moja, halafu ya pili, akazirudisha kwenye kiboksi chake, akatoka kwenda kuosha vyombo ambavyo hakuna mgeni aliyevilia. Sauti ilimkatika katikati. Akaanza mstari upya, akaumaliza.

Atu alikuwa ameisubiri sauti hiyo ikatike kwa miaka miwili. Ilipokatika kweli, haikumpa alichotarajia. Kitu kilimsogea kifuani, akakirudisha kwa nguvu.

"La nne tunaliruka, umepata. La tano." Akageuza karatasi, akaona duara la kalamu limezunguka D. Akatabasamu. "Umekosa. Jibu ni A."

"Hapana."

"Hapana nini? Mtunzi ni mimi."

"Ndiyo. Na kazi yangu ni kukuambia kama swali liko na kasoro, si ni vile?" Peguy aliweka kidole kwenye mstari wa kumi na tisa. "Soma hapa. Amekaa barazani tangu asubui. Atu, mutu mwenye anaogopa hakai inje, batu bote bapite bamuone. Anajificha. Anafunga mulango, anazima simu. Huyu simu iko mukononi. Simu ya nini?"

"Ya kuchezea."

"Siku muzima? Na suti? Mutu anavaa suti juu ya kuchezea simu?"

"Alivaa akaogopa."

"Iko wapi kwenye habari? Nionyeshe mustari."

Atu aliivuta karatasi. Alikuwa ameitunga habari ile, anaijua kama kiganja chake, na alipitisha macho tangu juu hadi chini akitafuta neno moja la woga. Halikuwapo. Alikuwa ameliweka kwenye majibu na kulisahau kwenye habari. Kwa mtu wa kazi yake hiyo ilikuwa aibu ya wanafunzi wa wiki ya kwanza.

"Basi sema," alisema, na sauti ikamtoka chini kuliko alivyotaka. "Alikuwa anasubiri aitwe na nani?"

"Na nyinyi."

"Sisi?"

"Bon. Mwezi mbele ya ile siku, si nilikuya kwenu na mujomba wangu? Tulileta kitenge na soda, tukajitambulisha. Kwetu ile ndiyo présentation. Kisha famille ya binti inatuma liste. Vitu vyenye banataka kwa dot, ile mahari: blanketi, mbuzi, koti ya baba, sufuria ya mama. Bila liste mutu hakuye. Ukikuya bila liste unavunja mulango wa batu. Mulisema Jumamosi. Nilivaa saa kumi na mbili ya asubui. Nilisema bataita, batasoma liste kwa simu, tutapita sokoni, tutafika. Simu haikulia."

Atu akakumbuka. Alimwona mjomba Boniface asubuhi ile, amesimama getini, koti limemkaa vizuri, anauliza kila baada ya nusu saa: mshenga wao yuko wapi? Barua ya posa iko wapi?

"Kwetu hakuna orodha," alisema polepole. "Kwetu upande wa mwanamume unamtuma mshenga na barua. Ndipo sisi tunajibu, na mahari tunaitaja kwenye majibu. Tulikuwa tunasubiri barua yenu. Kile kitenge na soda tulidhani mmekuja kusalimia."

"Barua? Hukuniambia hata siku moja mambo ya barua."

"Na wewe hukuniambia mambo ya orodha!"

"Nilifikiri ata mutoto anajua!"

"Na mimi nilifikiri hivyo hivyo!"

Wakatazamana. Huko jikoni Bi Shamima alikuwa akiwatukana tumbili kwa Kizulu. Yeyote mwingine angecheka, na labda Atu naye angecheka, kama si ile hasira iliyokuwa imekaa naye miaka miwili ikila naye, ikilala naye, na sasa haikutaka kuhama kwa sababu tu imeambiwa imekosea nyumba.

"Kwa nini hukupiga wewe?" aliuliza.

"Nilipiga. Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Ulinifungia namba."

"Nilikufungia Jumamosi ile ile jioni. Mjomba alisema mwanamke hapigi simu kuomba kuposwa. Na Cato Manor? Miguu ilikuwa imekatika?"

Akaangalia vifungo vya suti yake.

"Sema, Peguy."

"Mama alisema, bamekukataa. Kama bangekutaka bangetuma liste. Alisema batu ba Tanzania banatuona wakimbizi, usiende kujishusha." Akapumua. "Nililia, Atu. Siku tatu nilikuwa napiga simu. Siku ya ine nikamusikia mama, nikaacha."

"Siku ya nne." Atu alisimama. "Jumamosi ulikuwa unasubiri, sawa, nimekubali. Lakini Jumatano? Jumatano ulikuwa nini? Mtu anayenipenda angekuja Jumatano. Angekuja na aibu yake, bila barua, bila orodha, akasimama pale getini akauliza, mmenikataa? Mimi ningemjibu. Hukuuliza! Mama yako alikupa jibu na wewe hukutafuta hata mstari wa ushahidi."

Peguy aliinamisha kichwa kidogo, kama zamani, akisikiliza.

"Ile siku ya ine nilikuwa mwoga," alisema. "Swali lako liko na majibu mawili. Andika yote. A na D."

Hapo ndipo Atu alipolia. Hakutaka, na alilia kwa hasira, machozi ya mtu aliyekuja na panga akakuta adui ameshajikabidhi. Peguy alinyanyuka nusu, mkono ukaja hewani.

"Usiniguse," Atu alisema. "Bado sijakusamehe. Usije ukadhani."

"Sizani kitu."

"Bado unanipenda?"

"Sijaacha ata siku moja. Suti hii unafikiri nimeivaa mara ngapi? Ile siku, na leo."

Atu akapangusa uso kwa kiganja. Akachukua karatasi tupu kwenye mashine ya kuchapisha, akaiweka mbele ya Peguy, akapigilia kalamu juu yake.

"Andika barua."

"Barua gani?"

"Ya posa. Kwa mjomba Boniface. Uandike kwa heshima, jina lako lote, kabila lako, kazi yako. Andika ulichelewa miaka miwili na usitaje sababu."

Peguy aliandika. Atu alisimama nyuma ya bega lake akisoma kila neno linavyozaliwa, na kalamu ilipofika kwenye 'naomba kwa unyenyekevu' akashika meza.

"Nimemaliza. Nakupa?"

"Thubutu! Barua haipokelewi na mwali. Inapelekwa na mshenga, Cato Manor, nyumba ile ile, Jumamosi, mchana kweupe majirani wakiwa nje. Na mshenga nimeshamchagua." Sasa kile kicheko cha Jumanne kilimrudia, chembamba. "Mama yako."

"Maman Clementina?" Peguy alishtuka. "Kwetu mama hafanyi vile."

"Hata kwetu mshenga si mama mzazi. Kwa ajili yake tumebadilisha mila. Alisema tunawaona wakimbizi, si ndiyo? Basi aje aone tunavyowaona. Atapanda kilima kile na barua mkononi, atabisha hodi, atasema amekuja kuomba. Halafu atakaa asubiri jibu. Na kwetu, baba, jibu halitoki siku hiyo hiyo."

"Atakataa, Atu. Unamujua."

"Basi habari ibaki kama ilivyo. Itakwenda China na A yake, na mimi nitakusahau, hata kama itanichukua miaka mingine kumi."

Mlango ukafunguliwa. Bi Shamima aliingia, ufagio mkononi, akawaangalia mmoja mmoja. "Haibo! Jaribio gani hili la kulizana? Amepita au hajapita?"

"Amepita," Atu alisema. "Manne sahihi. La tano nimekosea mimi."

Bi Shamima, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia Atu akikiri kosa, alirudi kinyumenyume na ufagio wake.

Peguy alikunja barua mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Akatoka. Atu alimsikia akichukua simu yake kikapuni, akasikia geti likilia. Alijiambia hatakwenda dirishani, akaenda.

Peguy alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, mgongo kwenye ukuta, simu sikioni. Iliita muda mrefu. Atu alishika pazia. Aliomba mama yule akatae, apate kumchukia milele kwa raha zake. Na kwa pumzi hiyo hiyo aliomba akubali.

"Maman," sauti ya Peguy ikavuka barabara. "Iko barua ya kupeleka Jumamosi. Kwa akina Atuganile... Ndiyo, ule ule." Akasikiliza. Sauti nyembamba ya hasira ilisikika mpaka dirishani, ikaendelea na kuendelea, naye kichwa kikaanza kuinama. Kisha kichwa kile kikanyanyuka. "Hapana, Maman. Sikuulizi. Niko nakuambia. Kama hautapanda kile kilima, nitapanda peke yangu, na ndoa utaisikia kwa batu."

Sauti nyembamba ikajibu neno moja tu. Halafu Peguy akashusha simu, akapangusa macho kwa mkono wa suti ya kijivu, na bila kujua kama anaonekana, akaitikia kwa kichwa kuelekea nyumba ile.

Atu alirudi mezani. Alichukua kalamu nyekundu, akaitafuta ile A ya swali la tano, akaikata mpaka isisomeke. Kisha akampigia kaka yake Cato Manor, akamwambia Jumamosi aazime viti kumi na viwili kwa majirani wale wale.

"Na kile chenye mguu mbovu, kaka, safari hii usikifiche," alisema. "Kiweke mbele kabisa. Ndicho cha Maman Clementina."